Sahihi Isiyo Sahihi

Lugha yetu ina neno moja linalobeba mizigo miwili, na mwaka jana mizigo hiyo ilinilemea yote kwa siku moja. Neno lenyewe ni sahihi. Mtu akiandika jina lake chini ya barua, ametia sahihi. Mwanafunzi akijibu swali bila kosa, jibu lake ni sahihi. Vijana wengi siku hizi husema saini kwa maana ile ya kwanza, neno lililotujia kutoka Kiingereza, na pengine wanajiepusha na mkanganyiko. Mimi nimekulia katika lile la kale, lenye asili ya Kiarabu, ambako maana yake inagusa uzima na ukweli. Wanazuoni wa Kiislamu huiita hadithi sahihi ile ambayo wapokezi wake wanajulikana mmoja baada ya mwingine na kila mmoja ni mwaminifu. Nami kwa miaka 34 nililipwa mshahara kwa kazi ya kusahihisha, yaani kuwarudisha watoto wa watu kwenye kweli kwa kalamu nyekundu. Sikujua kwamba nyumbani kwangu kulikuwa na kosa ambalo kalamu hiyo haikuwahi kulifikia.

Ninaishi Nkuhungu, hapa Dodoma, katika nyumba yenye chumba kimoja ninachokiita maktaba na ambacho wajukuu wangu hukiita stoo. Humo mna vitabu nilivyonunua tangu nikiwa mwanachuo wa ualimu, na vichache nilivyorithi kwa marehemu baba. Kati ya hivyo vya urithi, kimoja nilikithamini kuliko vingine vyote. Ni Ngonjera za Ukuta, kitabu cha kwanza, cha Mathias Mnyampala. Jalada halipo. Kurasa za mwanzo hazipo pia. Mchwa wa Dodoma hawachagui fasihi. Baba alikifunga upya kwa karatasi ya kaki na uzi. Juu ya ukurasa wa kwanza uliosalia, kwa wino wa bluu uliofifia, pameandikwa jina la kitabu, na chini yake, kwa herufi za mshazari zilizopigiwa mstari: M. E. Mnyampala.

Nyumbani kwetu jina lile liliitwa "sahihi ya Mnyampala". Sikumbuki nani alianza kuliita hivyo. Baba aliwahi kumwona mshairi yule akiwa hakimu, na alipenda kusimulia alivyokaa na alivyozungumza. Hadithi ile na kitabu kile vilikaa pamoja katika sanduku moja kwa miaka mingi, hata vikaoana. Baba alipofariki mwaka 1991, mimi nilirithi vyote viwili kama kitu kimoja.

Yapasa niwaeleze wasomaji wa pwani na wa mbali kwa nini jina lile lilikuwa na uzito kwangu. Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 Ihumwa, hapa hapa Dodoma. Alikuwa Mgogo. Aliandika historia, mila na desturi za watu wake, kitabu kilichotoka mwaka 1954; akatoa diwani yake mwaka 1963; akawa mwenyekiti wa UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania; na baada ya Azimio la Arusha ndiye aliyeifanya ngonjera isikike kila shule na kila mkutano. Watoto niliowafundisha walizungumza Kigogo, Kirangi na Kinyaturu kabla ya Kiswahili, na wengi waliamini kwamba ushairi ni mali ya watu waliozaliwa wakisikia mawimbi. Kila mwaka, tulipoingia katika mada ya ushairi, nilikileta kitabu kile darasani. Nilikipitisha dawati hadi dawati. Nilisema, "Huyu alitembea kwenye vumbi hili mnalolitembea ninyi. Gusa jina lake." Waligusa. Kelele za darasani zilikoma pasipo kukemewa.

Mmoja wa waliogusa alinijia mwaka jana, mwezi wa Agosti, upepo ukivuma na vumbi likiingia hadi kwenye sukari. Sasa ni mtu mzima mwenye biashara ya vitu vya kale: stempu, sarafu, picha, vinyago, na vitabu vyenye sahihi za watu mashuhuri.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Karibu. Hujambo?"

Tulijuliana hali, tukanywa chai. Kisha akataja kitabu. Hakuwa amekisahau tangu kidato cha pili. Alikuwa na mnunuzi, mtu wa kukusanya maandishi ya washairi wa Kiswahili, na mnunuzi yule alikuwa tayari kutoa laki sita. Sharti lilikuwa moja. Kwa kuwa kitabu hakina jalada wala tarehe, alitaka barua ya mtu anayeheshimika, ithibitishe kwamba mwandiko ni wa Mnyampala mwenyewe. "Barua yako inatosha, Mwalimu," alisema. "Nani asiyekujua?"

Laki sita si fedha ya kudharau kwa mstaafu. Tena kitabu hakikuwa changu peke yangu. Dada yangu mdogo anaishi Bahi, na mvua za mwaka ule zilikuwa zimeondoka na upande mzima wa paa lake. Nilimpigia simu jioni ile ile. Alifurahi hata akapiga kigelegele, na kesho yake alikuwa amekwishahesabu mabati.

Nikaketi kuandika barua. Niliianza kama nilivyozoea kuanza somo: "Marehemu Mathias Eugen Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969..." Nikaendelea: "...ametia sahihi kwa mkono wake katika nakala hii ya Ngonjera za Ukuta, kitabu cha kwanza, kilichochapishwa na Oxford University Press mwaka 1970..."

Kalamu ilisimama.

Naomba mnielewe. Miaka ile miwili sikuisoma mahali popote papya. Nilikuwa nimeifundisha. Nilikuwa nimeiandika ubaoni kwa chaki, 1969 juu na 1970 chini, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na wanafunzi wakainakili, nami nikawapa alama kwa kuikumbuka. Na katika kipindi kile kile, kwa mkono ule ule wenye vumbi la chaki, nilipitisha kitabu ili waguse sahihi ambayo marehemu asingeweza kuitia. Mtu hawezi kutia sahihi kitabu kilichopigwa chapa baada ya yeye kuzikwa.

Nilitafuta upenyo, kama wanavyotafuta wanafunzi walioshindwa mtihani. Labda ilikuwa nakala ya majaribio iliyotoka mapema? Kurasa zilikuwa kamili, zimeunganishwa na kufungwa kama za kitabu chochote cha dukani. Labda kilikuwa kitabu chake kingine? Ngonjera zilizokuwamo ni zile zile. Hapo ndipo nilipofanya kile nilichopaswa kukifanya miaka 30 nyuma: nikauchunguza mwandiko badala ya kuuabudu.

Ninayaandika hapa niliyojifunza, kwa sababu najua wengi wenu mna vitabu vyenye majina ya wakubwa wetu, na siku moja mtaulizwa.

Swali la kwanza haliulizwi kwa macho bali kwa kalenda. Kitabu kilitoka lini, na anayedaiwa kukiandika jina alikuwa hai? Fasihi yetu ina mitego mingi ya namna hii, kwa kuwa kazi kadhaa za wakubwa wetu zilichapishwa wakiwa wameshaondoka. Shaaban Robert alifariki Juni 1962; Utubora Mkulima ilitoka mwaka 1968. Atakayekuonyesha nakala ya Utubora Mkulima yenye sahihi ya Shaaban Robert, mpe chai na umwambie pole.

La pili ni mwendo wa kalamu. Mtu anapoandika jina lake mwenyewe hafikirii. Mkono hukimbia, mistari huanza myembamba, hunenepa, tena hukonda kama pumzi. Anayeiga huchora. Kwa kioo cha kukuzia utaona mistari yenye unene mmoja, mitetemeko midogo, na mahali kalamu iliponyanyuliwa katikati ya herufi ili mwigaji atazame tena kielelezo. Ajabu ni kwamba sahihi inayofanana mno na nyingine inatia shaka kuliko inayotofautiana kidogo. Hakuna anayetia sahihi mbili zilizo sawa kabisa. Zikiwa sawa, moja imefuatishwa juu ya nyingine, au ni muhuri, au ni kazi ya mashine yenye kushika kalamu, kama zile zilizotumiwa na baadhi ya marais wa Marekani.

La tatu ni wino na karatasi. Wino ukipita juu ya mkunjo wa zamani na kuvujia katika nyuzi zilizokatika, jina liliandikwa baada ya karatasi kukunjwa na kuchakaa. La nne ni ulinganisho: itafutwe sahihi isiyo na shaka, ya mtu yule yule, ya kipindi kile kile, kwa maana mkono huzeeka pamoja na mwenyewe. La tano ni silsila. Kitabu kimepita mikononi mwa nani hadi kufika kwako? Hapa tunarudi kwa wale wanazuoni wa hadithi: mnyororo ukikatika pete moja, shuhuda hata awe mcha Mungu hawezi kuuunga kwa kiapo.

Thamani ni suala jingine, na sahihi kuwa ya kweli hakutoshi kuwa na thamani. Toa noti ya shilingi elfu kumi mfukoni. Ina sahihi mbili, ya Waziri wa Fedha na ya Gavana wa Benki Kuu, nayo itabaki elfu kumi, kwa sababu sahihi zile zimepigwa chapa kwa mamilioni. Wakusanyaji hulipia kilicho adimu, na zaidi ya hapo hulipia kisa: mshairi kumwandikia mshairi mwenzake maneno mawili matatu, pamoja na tarehe na mahali. Maneno yale ni magumu kughushi kuliko jina tupu, na yanatuambia jambo ambalo jina tupu haliwezi.

Basi nilichukua kioo changu nikatazama. Mistari haikutetemeka. Mkono ulikimbia, ulikuwa huru, haukuiga mtu. Hapo nilichanganyikiwa zaidi, kwa kuwa nilitarajia kumkamata mghushi. Nikarudi kwenye sanduku la baba, nikatoa barua alizonitumia nikiwa chuoni. Ile M yenye mguu wa mwisho uliojikunja kwa ndani kama mkia wa mbwa aliyelala ilikuwa kwenye kila barua. Mwandiko ulikuwa wa baba.

Nilikaa kimya muda mrefu. Kisha nikauona ukurasa ule kama ulivyokuwa siku zote: jina la kitabu juu, jina la mwandishi chini, mstari. Mshairi gani anayetia sahihi kitabu chake kwa kuanza na kuandika jina la kitabu? Ule ulikuwa ukurasa wa anwani. Mchwa walikuwa wamekula ule wa awali, na baba, mtu wa utaratibu, alikuwa amerudishia kilicholiwa ili mwenye kusoma ajue anasoma nini na ni cha nani. Hakughushi chochote. Uongo uliingia baadaye, katika masikio yetu, nami nikaufundisha kwa mshahara wa serikali.

Nilikumbuka kisa cha William Henry Ireland wa London. Huyu alikuwa kijana wa umri wa miaka 20 hivi, na baba yake, Samuel, alimhusudu Shakespeare kiasi cha kusema angetoa nusu ya vitabu vyake ili apate sahihi moja ya bwana yule. Si ajabu: sahihi za Shakespeare zinazokubaliwa na wataalamu ni sita tu. Kijana akamtengenezea baba yake sahihi, kisha barua, kisha tamthilia nzima iliyoitwa Vortigern, ikachezwa mara moja jukwaani Aprili 1796 na kuchekwa. Mchambuzi Edmond Malone alizifichua hila zile, na kijana akakiri mwenyewe. Baba yake hakuamini hata baada ya kukiri. Nami nilijiona katika kisa hiki upande wa mzee Samuel: anayetaka kuamini ana macho dhaifu kuliko kipofu.

Wahenga wetu wa ushairi walikuwa na njia yao ya kujilinda. Mtunzi alijitaja ndani ya beti za mwisho, pengine pamoja na mji wake na tarehe. Mwana Kupona binti Msham, katika utendi aliomtungia binti yake mwaka 1275 wa Hijria, sawa na 1858 hivi, alijitaja na tena akaitaja idadi ya beti, ili atakayeongeza au kupunguza ajulikane. Huo ndio muhuri uliofumwa ndani ya nguo. Huwezi kuukata bila kuchana. Na Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye mashairi yake yaliishi midomoni mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua akayanakili na William Hichens akayachapisha mwaka 1940, ametufikia kwa kumbukumbu ya watu waaminifu. Katika njia zote mbili sioni wino wa mtu mashuhuri ukifanya kazi peke yake. Naona mtu wa pili anayesimama na kusema: nimepokea hivi, nami sikubadili.

Mtu wa pili, katika kisa hiki, nilikuwa mimi. Mnunuzi hakuwa akinunua sahihi ya Mnyampala, maana hakuwa na njia ya kuipima. Alikuwa akinunua yangu. Laki sita ile ilikuwa bei ya jina langu mimi chini ya barua.

Mfanyabiashara aliporudi nilimweleza yote, nikamwonyesha barua za baba. Alitazama M kwa muda. "Lakini, Mwalimu," alisema kwa upole, "mnunuzi hayajui haya. Na mwandiko ni wa zamani kweli. Ukiandika tu kwamba *inaaminika*..." Neno lile, inaaminika, lilinichoma. Nilikuwa nimelikataza katika insha zake zaidi ya miaka 20 iliyopita. Nikamwomba radhi kwa kile nilichomfundisha kidato cha pili. Hakujua aseme nini. Aliniambia kitabu kisicho na jalada na kisicho na sahihi hakina soko, akaaga kwa heshima, nami nikamsindikiza hadi barabarani.

Dada yangu hakunipokea kwa upole huo. "Kaka," alisema kwenye simu, "mabati hayaulizi nani aliandika." Nilimwambia kwamba aliyeandika ni baba. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi baba atanivujia," akakata simu. Nilimtumia nusu ya mabati kutoka kwenye akiba yangu. Nusu nyingine bado hatujaipata, na sitadai hapa kwamba amenisamehe.

Kitabu kimebaki stoo, na wajukuu wanajua sasa ni mwandiko wa nani. Nilidhani kingenishuka thamani. Ningekuwa nawadanganya nikisema hakikushuka. Kwa wiki kadhaa sikuweza kukitazama. Lakini nimekipenda upya, kwa sababu ndicho kitu pekee ambamo naona baba akimfanyia mshairi kazi ya kunakili bila kudai chochote. Jina lake mwenyewe hakuliandika popote kitabuni.

Kwa wanafunzi walioligusa jina lile darasani na ambao siwezi kuwapata mmoja mmoja, ninasahihisha leo: Mnyampala ni wa kwenu kweli, Ihumwa ni ya kwenu kweli, na beti zake ni zake. Wino haukuwa wake. Na ili kosa lisirithiwe tena, nimeandika ubeti mmoja ndani ya karatasi ya kaki, unaotazamana na mwandiko wa baba:

Jina ni la mshairi, mwandikaji ni babangu,
Hakuandika kwa shari, wala kutaka mafungu,
Nimekosa kufikiri, kosa hilo ndilo langu,
Msomaji tahadhari, sahihi hii ni yangu.

Chini yake nimeweka tarehe, nikaandika Nkuhungu, na nikatia sahihi.